Swali la Tisa

Kinyozi alilisoma swali la tisa mara mbili, kisha akamtazama yule binti kama mtu aliyeulizwa ikiwa anapenda kuumwa jino.

"Dada, hapa pameandikwa, 'Kipindi cha tanzia kinakufurahisha kwa kiasi gani?' Nimesoma sawa?"

"Sawa kabisa, kaka. Unatia alama kwenye jibu moja. Sana, kiasi, kidogo, au hakinifurahishi."

"Kinifurahishe, mimi nina roho gani? Watu wamekufa, mimi nifurahi?"

Mteja aliyekuwa kitini na povu shingoni akacheka, akaambiwa atulie asikatwe sikio. Kinyozi akatia alama kwenye kisanduku cha mwisho, tena kwa kukandamiza kalamu, asije mtu akamsingizia baadaye. Binti akamshukuru, akaichukua fomu.

Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea Usimamizi wa Sanaa na Habari, na muhula huo alikuwa kwenye mafunzo katika redio ya mji. Alipewa kazi ya kupima vipindi kumi na kimoja vya redio hiyo kwa wasikilizaji mia moja na ishirini. Maswali aliyatoa kwenye mfano waliopewa darasani: kila kipindi kinaulizwa swali lile lile, kwa kipimo kile kile, ili mwishoni vilinganishwe kwa haki. Mhadhiri alilisisitiza sana hilo, na yeye alikuwa mwanafunzi wa kufuata anachofundishwa. Basi mpira, muziki, salamu, bei za sokoni na tanzia, vyote vikaulizwa kama vinafurahisha.

Ilipofika saa saba mchana, kinyozi akazima mashine. Hakuambiwa na mtu. Mteja naye akanyamaza na povu lake. Redio iliyokuwa juu ya kabati ikatoa sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka, ikasoma majina saba ya marehemu, na mahali pa kuzikwa, na saa, na jamaa wanaoarifiwa popote walipo. Kwenye jina la tano kinyozi akasema, "Lo, yule fundi wa baiskeli," akaandika saa ya mazishi nyuma ya kalenda. Majina yalipokwisha akawasha mashine, akaendelea na kichwa cha watu.

Binti aliyaona yote hayo. Sauti yenyewe ilikuwa ya baba yake. Lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amezima mashine, kwa hiyo hakuandika.

*

Mtaani baba yake aliitwa Mzee Tanzia, na hakuwahi kulichukia jina hilo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwasomea watu misiba yao, mchana na jioni, na hakukuwa na nyumba katika mji ule ambayo hakuwahi kuingia kwa njia hiyo. Mkewe, aliyeshona sare za shule pale sebuleni, alipenda kumtania kwamba ndiye mwanamume pekee ambaye akimpigia mtu simu, mtu anatafuta kwanza pa kukaa.

Jioni ile binti alibakiwa na fomu mbili. Akaziweka mezani, kando ya sahani.

"Meneja," mama akasema. Ndilo jina walilompa tangu aingie chuo, nusu kumtukuza na nusu kumkejeli, maana hakuna aliyejua hasa atakuja kumsimamia nani. "Sisi tunaruhusiwa kweli? Haitaonekana tunajipendelea?"

"Mnaruhusiwa, ninyi ni wasikilizaji kama wengine. Ila mseme ukweli. Msinipendelee mimi wala msimpendelee baba."

Baba akavaa miwani. Aliijaza fomu kama alivyofanya mambo yake yote, kwa kusoma kila neno hadi nukta. Alipofika swali la tisa akasita.

"Hili, mwanangu, umeliandika mwenyewe?"

"Tumepewa chuoni, baba."

"Mm."

Hapo angeweza kuiokoa kazi yake, na hakujua. Angesema tu kwamba swali hilo halifai, binti angelibadilisha, maana alimsikiliza sana baba yake. Lakini mzee yule aliishia shule ya msingi, na mbele yake alikaa mtoto wa chuo kikuu, mtoto wake mwenyewe. Kitu kilichotoka chuoni hakuona kama ni mahali pake kukikosoa. Tena alikuwa na fahari, na fahari humziba mtu mdomo kuliko woga.

"Basi ukweli ni kwamba hakinifurahishi," alisema. "Hakijawahi kunifurahisha hata siku moja."

"Na mimi hivyo hivyo," mama akasema. "Nikisema kinanifurahisha, majirani watadai naombea watu wafe ili mume wangu apate cha kusoma."

Wakacheka wote watatu, na binti akazikunja fomu akazitia kwenye mkoba pamoja na zile nyingine.

*

Watu mia moja na kumi na wanane walisema kipindi cha tanzia hakiwafurahishi. Waliobaki wawili walitia alama kwenye "kiasi". Mmoja alikuwa hajui kusoma vizuri, na wa pili alikuwa fundi wa majeneza, na huyo angalau alisema kweli.

Mwongozo wa chuo ulisema kwamba kipindi kinachopata alama ndogo kiasi hicho kipendekezwe "kuondolewa au kuboreshwa". Binti akaandika hivyo hivyo. Kichwani mwake aliona kuboreshwa tu: baba kapewa chumba chenye feni, kapewa msaidizi wa kupokea matangazo. Akaipeleka rasimu kwa Mkurugenzi wa Vipindi, kijana mwenye suruali ya kubana na simu mbili, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa mafunzo.

"Kazi safi," Mkurugenzi alisema. "Ila hapa kwenye tanzia umeyumba. 'Kuondolewa au kuboreshwa.' Meneja hasemi 'au'. Ndivyo mnavyofundishwa siku hizi?"

"Hapana."

"Basi chagua. Takwimu zako zinasemaje?"

Binti hakumtaja baba yake. Mkurugenzi alijua vizuri yule mzee ni nani kwake, kwa sababu mzee mwenyewe ndiye aliyeleta barua ya kumwombea nafasi ya mafunzo, ameishika kwa mikono miwili, na kukaa hakukaribishwa. Wote wawili wakajifanya hawakumbuki. Binti akafuta maneno mawili, "au kuboreshwa". Akajituliza kwamba hii ni karatasi ya mwanafunzi, na karatasi za wanafunzi huishia kabatini. Kosa la swali la tisa lilikuwa la ujinga. Kosa hili lilikuwa la woga, na alilijua wakati analifanya.

*

Wiki tano baadaye, mafunzo ya binti yakiwa yamekwisha, baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Mama alikuwa katikati ya kola ya shati. Akauondoa mguu kwenye cherehani.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Akatoa bahasha, akaisoma barua akiwa amesimama, kwa sauti ile ile ya redioni, maana hakujua kusoma karatasi rasmi kwa sauti nyingine. Barua ilisema kwamba kutokana na utafiti wa wasikilizaji, kipindi cha tanzia kimeonekana hakina thamani, kwamba kuanzia Jumatatu hakitakuwepo, na nafasi ya mtangazaji wake nayo imeondolewa. Ilimshukuru kwa mchango wake. Jina lake walikuwa wamelikosea.

"Utafiti gani?" mama akauliza. "Nani kaulizwa?"

"Sisi," baba akasema, akafunua ukurasa uliobanwa nyuma ya barua. Lilikuwa jedwali. Mstari wa tisa ulikuwa umepigiwa alama kwa kalamu nyekundu.

Binti alikuwa mlangoni, ametoka kuoga, taulo begani. Alilitambua lile jedwali kabla hajaona namba. Rangi ya kijani ya vichwa vyake aliichagua mwenyewe, kwa sababu mhadhiri alipenda kazi inayopendeza macho. Akashika fremu ya mlango.

"Hii ni kazi yako," baba akasema. Hakuwa anauliza. Akaligeuza jedwali kwenye mwanga wa dirisha. "Umeipanga vizuri."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Ndiyo maana ilimchoma kuliko tusi.

"Tumekupeleka ukasome usimamizi," mama akasema polepole, akiitazama kola iliyobaki chini ya sindano. "Na wa kwanza kumsimamisha ni baba yako."

*

Kesho yake binti alikwenda redioni. Mlinzi wa getini, aliyezoea kumwita mtoto wa mzee wetu, alimpa daftari la wageni aandike jina na shida yake, akamwomba aache kitambulisho. Kwenye nafasi ya shida aliandika "binafsi". Alikaa kwenye benchi saa mbili na nusu, watu wa matangazo wakipita na kumwamkia kwa haraka kama wanavyomwamkia mgonjwa.

"Nilikosea," alimwambia Mkurugenzi alipoitwa. "Swali la tisa halipimi kitu. Hakuna mtu atakayesema anafurahia kusikia nani amekufa. Ilitakiwa niulize kama wanakisikiliza, kama wanakihitaji. Na wanakisikiliza wote, nimewaona kwa macho yangu. Naomba nirudie. Wiki moja tu, kwa nauli yangu mwenyewe."

Mkurugenzi akaweka chini simu moja, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima kubwa.

"Dada yangu, unafikiri mimi sikuliona? Nimesoma chuo hicho hicho, nimefundishwa na mhadhiri huyo huyo. Niliona siku ile ya kwanza uliponiletea maswali."

"Ukaniacha?"

"Robo saa ile ya mchana, mji mzima uko kwetu. Najua. Na kampuni ya michezo ya bahati nayo inajua, ndiyo maana imeinunua kabla wewe hujafika hapa. Bodi walikuwa wanatafuta karatasi tu, wasije wakaambiwa wamewaondoa marehemu ili waweke kamari. Wewe umetuletea karatasi, tena nzuri."

Kwa siku nzima na usiku wake binti alikuwa amejiona ni mjinga aliyeharibu kwa bahati mbaya. Sasa aligundua kwamba ujinga wake ulihitajika, kwamba mtu aliutazama ukija akaufungulia mlango.

"Basi nitawaeleza chuoni."

"Waeleze." Mkurugenzi akavuta droo, akatoa fomu yenye nembo ya chuo. "Tathmini yako hii hapa, sijaisaini. Ukienda kusema utafiti wako ni mbovu, mimi nitaandika nini? Nitaandika ulikuwa mbovu. Utarudia mwaka. Na mzee harudi hewani, maana mkataba wa watu umeshasainiwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa wewe si ndiye meneja? Amua."

Alitoka bila kuaga. Alipofika barabarani akakumbuka kitambulisho, ikabidi arudi kukiomba, na mlinzi akampa huku akitazama pembeni.

*

Jumatatu, saa ya tanzia, redio ilitoa muziki wa kurukaruka, na msichana mwenye kicheko akawatangazia watu namba za bahati. Haikupita nusu saa kinyozi akabisha hodi, mkasi ungali mfukoni.

"Shikamoo mzee. Unaumwa? Nimezima mashine, nimesimama kama mjinga, nasikia watu wanacheka."

Baba akamweleza, kwa ufupi, bila kumlaumu yeyote.

"Wasikilizaji gani hao waliosema hakina thamani?"

"Wewe mmojawapo," mama akasema kutoka kwenye cherehani.

"Mimi?" Kinyozi akamgeukia binti. "Dada, mimi si uliniuliza kama nafurahi?"

"Ndiyo, kaka."

"Uliniuliza kama nakitaka?"

"Hapana."

"Basi kawaambie," kinyozi akasema, na kwa akili yake jambo likawa limekwisha.

Hakuwa amekaa vizuri alipoingia mwanamke asiyemfahamu mtu pale, vumbi miguuni, karatasi mkononi. Alikuwa ameelekezwa nyumbani kwa sababu redioni walimfukuza getini. Dada yake amefariki alfajiri, watazika kesho saa nne, na ndugu wametawanyika huku na huku, wengine hata simu hawana. Baba aliipokea karatasi kwa mazoea. Akachomoa kalamu mfukoni, akasahihisha jina la kijiji, akaongeza "na wote wanaomfahamu". Halafu mkono ukasimama. Akairudisha kalamu mfukoni, na karatasi akamrudishia mwenyewe.

"Samahani, mama yangu," alisema. "Sina tena pa kuisomea."

Yule mwanamke alimtazama, akaitazama karatasi iliyosahihishwa vizuri, kisha akauliza kama kuna malipo ya ziada yanayotakiwa, aseme tu, watachanga. Kinyozi ndiye aliyemtoa nje akamweleza.

*

"Nitasema," binti alitamka jioni ile, chakula kikiwa hakijaguswa. Alhamisi alitakiwa kuitetea ripoti yake mbele ya jopo la wahadhiri watatu, na bila kupita hapo hakukuwa na shahada. "Nitasimama niseme swali lilikuwa bovu na ripoti ni mbovu. Wanipe sifuri."

"Na useme," mama akasema. "Tena umchukue kinyozi akashuhudie."

"Hapana," baba akasema.

Wote wakamtazama. Hakuwa mtu wa kukataza.

"Ukirudia mwaka nani atalipa ada? Hii cherehani? Mama yako akishona mpaka vidole viishe haifiki nusu ya muhula. Utarudi hapa ukae, na mimi nimekaa. Nimesoma misiba mingi, mwanangu, naijua. Mmoja unabebeka. Usinifanyie miwili."

"Lakini ni uongo, baba."

"Ni uongo. Na mimi niliutia alama kwa mkono wangu, miwani machoni." Akasogeza sahani. "Utakwenda, utaitetea, utapita. Ukishapata kazi ya maana, ukiwa na kiti chako, siku hiyo uulize watu maswali unavyoona inafaa. Alhamisi usiulize mtu kitu."

Mama alitaka kubisha, akaangalia rundo la sare zilizokuwa zikisubiri vifungo, akaacha. Alimwonea huruma mumewe na kumwonea hasira, na hakujua aanze na lipi. Binti alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

*

Jumatano asubuhi baba akaleta kiti kimoja katikati ya sebule, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti.

"Mimi ndiye jopo," alisema. "Simama pale. Nisomee sehemu ya mapendekezo."

"Baba, hii siyo lazima."

"Chuo wamekufundisha kuandika. Kusoma mbele za watu hawajakufundisha, nimekusikia. Soma."

Mama akasimama, akafunga sare kwenye shuka, akasema anakwenda kushonea kwa jirani kwa kuwa yeye mambo haya hayawezi, na akatoka kweli. Binti akaishika karatasi.

"'Kipindi cha tanzia kimeonekana hakina thamani kwa wasikilizaji, na kinapendekezwa...'" Sauti ikakatika.

"Umekimbia," baba akasema. "Mtu akikimbia wanajua haamini anachokisoma, wanaanza kumchimba maswali. 'Hakina thamani' ni maneno mawili. Yape nafasi yote mawili. Rudia."

Akarudia. Mara hii alifika kwenye "kuondolewa", akalimeza neno lote. Baba akasubiri hadi binti alipojifuta machozi kwa kiganja.

"Tena."

"Siwezi. Siwezi kulisoma hili nikikutazama."

"Ndiyo maana unaharibu. Nani kakwambia unitazame?" Akajisogeza kitini. "Pale studio wenye msiba walikuwa wanakuja wenyewe, wanasimama upande wa pili wa kioo, wahakikishe mtu wao amesomwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawatazama, nikavurunda kila siku. Siku moja alikuja baba wa mtoto mchanga, sikuweza hata kulimaliza jina. Mtangazaji aliyenitangulia akaniambia, inua karatasi. Miaka yote hii watu walidhani macho yangu ni mabovu. Inua."

Binti akainua karatasi mpaka ikauficha uso wa baba yake, ikabaki kuonekana mikono yake tu, imetulia juu ya magoti. Akasoma tangu mwanzo, taratibu, kila neno na nafasi yake, mpaka nukta ya mwisho. Sauti haikukatika.

"Hivyo hivyo," baba akasema kutoka nyuma ya karatasi, kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia, si redioni wala nyumbani. "Usiishushe kwanza. Soma tena."